Meza ya jikoni na formika: zima mbabula kwanza



Ukurasa huu umezoea kuzungumza nanyi juu ya kaske, vumbi la mgodini, malaria na chanjo za watoto. Leo tuingie jikoni. Ninajua kwamba wengi wenu mkipata likizo hamlali. Mnarudi nyumbani, mnapaka chokaa, mnarekebisha milango, na siku hizi wengi wanapenda kufunika kwa formika ile meza ya ukutani tunayokatia nyama na kupangia sahani. Ni kazi nzuri, na haihitaji fundi mkubwa. Mimi nimeifanya huko Yangambi, kwa mjomba wangu. Nikaifanya vibaya, na mtoto akaungua miguu. Ndiyo sababu ninawaandikia.

Kwanza nieleze kwa nini nilitaka kuifanya. Mjomba alifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya utafiti ya INERA, ambayo wazee bado wanaiita INEAC, jina lake la tangu mwaka 1933. Anakaa katika nyumba ya matofali ya zamani, si mbali na mto. Nyumba ni imara, lakini meza ya jikoni ilikuwa ya mbao za fuma, na mahali fulani imezibwa kwa kipande cha tripleksi. Fuma ni mti laini. Kisu kinauchimba, maji yanauingia, na baada ya miaka michache kila ufa unakuwa nyumba ya mende. Nilichokonoa ufa mmoja kwa msumari: yalitoka magamba ya samaki na kitu cheusi kinachonuka. Juu ya ubao huo huo Mama, mke wa mjomba, alikuwa anakatia nyanya za kuliwa mbichi.

Sisemi kwamba meza peke yake inaleta ugonjwa. Mwaka 2011 kipindupindu kilipoanzia Kisangani kikashuka na mto mpaka Kinshasa, kilichobeba ugonjwa kilikuwa hasa maji na mikono. Lakini meza yenye nyufa haioshwi ikaoshwa. Unapitisha kitambaa juu, na uchafu unabaki chini. Uso wa formika hauna vitundu vya kuficha kitu. Sabuni na maji vinafika kila mahali, kisha panakauka.

Nilipofika na karatasi ya formika kutoka Kisangani, nimeikunja kidogo na kuifunga kwa kamba, safari ya karibu kilomita 100 kwa mtumbwi wa mota, mjomba aliigonga kwa kidole akacheka. “Mwipwa, sisi watu wa miti, wewe unatuletea karatasi ya kufunika mti?”

Alisema kweli kuliko alivyodhani, kwa kuwa formika ni karatasi. Ni karatasi nyingi nzito za kahawia zilizoloweshwa utomvu wa kiwandani, juu yake karatasi moja yenye rangi au maua, zote zikabanwa pamoja kwa moto na nguvu kubwa mpaka zikawa kitu kimoja kigumu chenye unene wa milimita moja hivi. Walioianza ni Wamarekani wawili, Herbert Faber na Daniel O’Conor, mwaka 1912, na hawakuwa wanafikiria jikoni hata kidogo. Walikuwa watu wa umeme. Walitafuta kitu cha kuzuia umeme badala ya mika, lile jiwe linalobanduka kama maganda ya kitunguu, na jina la formika lina maana hiyo hiyo kwa Kiingereza: badala ya mika. Utomvu waliotumia ni ndugu wa Bakelite, aliyoivumbua Leo Baekeland, Mbelgiji wa Gent aliyehamia Marekani. Mafundi wetu wa umeme wanaijua Bakelite vizuri, ile nyeusi ya swichi za zamani. Kwa hiyo, ndugu mchimbaji, kitu hiki kina ukoo na kazi yako.

Mjomba aliniwekea sharti moja: kabati lake la afromosia nisiliguse. Nilikubaliana naye. Kama meza yako ni ya mti mgumu na mzima, usiifunike. Ipige randa, isugue, ipake mafuta, na wajukuu wako wataitumia. Formika ni ya mbao laini au tripleksi iliyochoka juu, lakini ambayo ndani bado ni nzima. Ubao uliooza haufai kufunikwa, kwa maana utaendelea kuoza chini ya formika, na wewe hutauona tena.

Sasa tufike kwenye kole. Niliyoinunua ni ile ya manjano, ya fundi viatu. Inapakwa pande zote mbili, juu ya meza na nyuma ya formika, inaachwa ikauke dakika 10 au 20 mpaka isishike tena kidole, halafu vitu viwili vinakutanishwa. Vikigusana vimeshikana, hakuna kusogeza. Mafundi wanaipenda kwa sababu ni ya haraka. Mimi pia niliipenda kwa sababu hiyo.

Ilikuwa alasiri, na wingu la mvua lilikuwa linapanda upande wa mto. Nilifunga dirisha ili upepo usiniletee vumbi juu ya kole. Mlango wa nyuma niliuacha wazi kidogo. Mama alikuwa amebandika maharagwe juu ya mbabula kwenye baraza ya nyuma, hatua nne kutoka mlangoni. Aliniuliza, “Mwanangu, moto huu hauna neno?” Nikamjibu kwamba uko nje, hauna neno. Mimi, mtu wa dawa, ambaye kila mwaka ninakaa katika mafunzo ya usalama ya kampuni na kupewa karatasi ya kutia sahihi.

Nilipaka meza yote, nikapaka formika yote, nikaketi kungoja ikauke. Mjukuu wa mjomba, msichana wa miaka 6, alikuwa amesimama kizingitini ananiangalia. Sikusikia mlipuko. Nilisikia kama mtu anakung’uta kikwembe kikubwa, nikaona mwali wa buluu unapita sakafuni kutoka kwenye mbabula, unavuka kizingiti, unaingia ndani. Ulipita miguuni mwa mtoto. Kisha formika ikawaka.

Nitawaambia na hili, ingawa linaniaibisha. Mkono wangu wa kwanza ulikwenda kwenye formika, kwa kuwa niliinunua kwa pesa nyingi. Aliyekwenda kwa mtoto alikuwa Mama. Alimvuta nje, akamzungushia kikwembe kilichokuwa kimelowa katika beseni, akamlaza chini.

Kwa nini moto uliokuwa nje uliingia ndani? Kole hiyo inalainishwa kwa dawa zinazoruka hewani upesi, kama heksani, toluini na asetoni. Unaposema kole imekauka, maana yake dawa hizo zimetoka kwenye kole, lakini bado zimo chumbani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Ule wa heksani ni mzito karibu mara tatu. Haupandi kama moshi, unashuka, unalala sakafuni, unatambaa kama maji yaliyomwagika, unatafuta mlango na ngazi. Heksani inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na toluini kwa nyuzi 4. Sasa fikiria alasiri ya Yangambi yenye nyuzi 30. Tena hauhitaji kuwa mwingi. Sehemu moja na kitu ndani ya hewa sehemu 100 inatosha kuwaka. Katika jikoni la mita 3 kwa 3, mvuke uliolala chini mpaka kwenye magoti unaweza kuwaka kutokana na glasi mbili tu za dawa hiyo, na mimi nilikuwa nimepaka kopo zima. Mvuke ulishuka kizingitini, ukatembea hatua nne, ukakutana na makala ya Mama. Moto ukarudi kwa njia ile ile.

Ninyi mnaofanya kazi chini mnalijua jambo hili kuliko mimi. Baada ya kulipua, nani kati yenu anaingia kabla hewa haijasafishwa? Hakuna. Kapita angemrudisha. Lakini nyumbani hatuna kapita, na mke akiuliza juu ya moto tunamjibu kwamba hauna neno.

Basi kama ni lazima utumie kole ya manjano, fanyia kazi nje, chini ya mti au barazani. Kama meza imejengwa ukutani na haitoki, fungua milango na madirisha yote, upepo upite toka upande mmoja mpaka wa pili. Zima mbabula, yako na ya jirani mnayeshiriki naye uwanja. Zima taa ya mafuta. Sigara, jenereta na friji vyote ni moto, kwa kuwa friji inatoa cheche kila inapojiwasha yenyewe. Watoto waende kwa shangazi. Kopo lifunikwe kila baada ya kuchovya. Moto usirudi siku hiyo mpaka harufu iishe kabisa, hata kama maana yake ni kula mkate na chai ya jirani.

Pua yako pia inahusika. Mvuke huo unalewesha. Kichwa kinauma, unacheka bila sababu, unataka kutapika. Ukifika hapo, toka nje. Miaka ya 1960, Japani na Italia, watu waliotengeneza ndala na viatu kwa kole yenye heksani, siku baada ya siku katika vyumba vidogo, walianza kufa ganzi miguuni na mikononi, halafu wakashindwa kutembea sawasawa, kwa kuwa heksani iliharibu mishipa ya fahamu. Wewe unayefanya meza moja hutafikia hapo. Lakini kama umegeuza kazi hii kuwa biashara ya jioni kambini, na najua wapo, jihurumie. Mwanamke mwenye mimba asikae karibu hata siku moja. Kole iliyobaki usiiweke chini ya kitanda. Mmeona wenyewe katika miji yetu watoto wanaotembea na chupa puani. Wengine walianza na kopo lililosahauliwa nyumbani.

Na ile maski ya vumbi uliyoileta kutoka kazini? Inafaa unapokata formika kwa msumeno na kusugua ubao, maana vumbi lake ni jembamba na linawasha koo. Kwa mvuke haifai kitu. Mvuke unapita ndani yake kama maji ndani ya kikapu. Nimekuta watu wamevaa maski hiyo, wamefunga madirisha, wanajiona salama. Afadhali yule asiye na maski aliyekaa nje, chini ya mwembe.

Yaliyobaki ya formika tuliyatupa. Wiki tatu baadaye mtoto alikuwa amepona, na mjomba mwenyewe akasema turudie, lakini kwa namna yake. Alileta kole nyeupe ya seremala, ile inayochanganyika na maji na isiyoshika moto. Ni ya polepole, lakini kwa ubao au tripleksi inashika vizuri sana, mradi ukandamize kwa uzito. Nieleze tulivyofanya, kwa kuwa njia hii ndiyo ninayoipendekeza kwenu.

Formika mpya ilikaa siku mbili ndani ya jikoni, imelala wazi, izoee hewa. Yangambi mvua ni kama milimita 1800 kwa mwaka, na kila kitu kinavimba na kusinyaa. Karatasi iliyobandikwa siku ile ile inapotoka dukani inaweza kujikunja baadaye. Wakati huo tuliosha meza kwa maji ya moto na sabuni kuondoa mafuta ya mawese, tukaiacha ikauke kabisa, tukaziba nyufa, tukaisugua kwa karatasi ya msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwama. Usiharakishe hapa. Punje moja ya mchanga iliyobaki chini itaonekana juu kama chunusi, milele.

Formika tuliikata kwa kuikwaruza kwa ncha ngumu mara nyingi kando ya rula ya chuma, upande wenye maua ukiwa juu, kisha tukaikunja kuelekea juu ikakatika. Tuliacha sentimita nusu kila upande. Vaa mifuko ya mikono ya ngozi, ukingo wa formika mpya unakata kama wembe. Kole tulimwaga juu ya meza tu, tukaitandaza kwa kipande cha plastiki chenye meno, nyembamba na sawa. Tukalaza formika, tukaipapasa kwa kitambaa tukianzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Juu yake magazeti, juu ya magazeti mbao zilizonyooka, na juu ya mbao mifuko ya mchanga wa mtoni, tuliipanga bila kuacha nafasi. Mjomba alisema tungoje usiku mmoja. Mimi nilisema siku nzima, kwa sababu ya unyevu, na safari hii nilisikilizwa. Kole iliyovuja pembeni tuliifuta kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka.

Siku iliyofuata tuliondoa mifuko, tukalainisha ukingo kwa tupa, tukisukuma kwenda chini tu. Ukivuta tupa kwenda juu, formika inabanduka vipande. Ukingo wa mbele tuliufunika kwa ubao mwembamba wa afromosia, wazo la mjomba, na kusema kweli ndio unaopendeza kuliko formika yenyewe. Upande wa ukutani ziba ufa wote, maana maji yakiingia hapo kazi imekwisha.

Mama alionywa mambo mawili. Sufuria iliyotoka kwenye makala isiwekwe moja kwa moja, iwekwe juu ya kigae au ubao, kwa kuwa formika inavumilia maji yanayochemka lakini inaungua na kuvimba kwa chuma cha moto. Na nyama isikatiwe juu yake. Kisu kinaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ni nyufa mpya. Awe na kibao cha nyama na samaki wabichi, na kingine cha vitu vinavyoliwa bila kupikwa.

Sasa juu ya kuungua, kwa maana hilo ndilo ninaloliona mara kwa mara dispanseri, na mara nyingi nalikuta limeshaharibiwa njiani. Mtoto wetu alikuwa na malengelenge juu ya nyayo na kwenye miundi. Tulimwagia maji safi ya baridi kutoka kwenye pipa, kikombe baada ya kikombe, dakika 20 kwa saa. Alilia, tuliendelea. Jirani mwema alifika mbio na mawese. Wengine huleta dawa ya meno, yai, chumvi au majivu. Nilimshukuru nikamwomba akae. Vitu hivyo vinafungia joto ndani, vinaleta vijidudu, na sisi tunalazimika kuvikwangua juu ya nyama mbichi ya mtoto kabla ya kumtibu. Maji tu. Barafu hapana. Vua pete, bangili na ndala kabla ya kuvimba, lakini nguo iliyogandia ngozi iache. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, umpeleke hospitali, hasa kama ni uso, mkono, mguu au sehemu za siri, au kama jeraha linapita kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Chukua na kadi ya chanjo, watauliza juu ya pepopunda.

Nguo ikishika moto, mtu asikimbie. Alale, abiringike, afunikwe kwa blanketi au kikwembe chenye maji. Na kole inayowaka usiimwagie maji, maana dawa ile inaelea juu ya maji na moto unasafiri nayo mpaka sebuleni. Tupia mchanga, au funika kopo kwa kifuniko chake. Ndoo ya mchanga iwe mlangoni kabla hujafungua kopo. Sisi tulikuwa na mchanga wa mto mzima hatua mia kutoka nyumbani, na siku ile ya kwanza hatukuwa na hata ndoo moja.

Msichana anatembea vizuri. Mguu wa kushoto una alama, ngozi yake ni nyepesi kidogo kuliko pengine, na anapenda kuwaonyesha wageni meza ile akiwaambia kwamba ni yake.

Kama una kopo la kole nyumbani na hujui ni ya aina gani, niletee dispanseri kopo lenyewe, limefungwa, na maandishi yake yasiwe yamechunwa. Alama ya moto na alama ya mshangao zinasomeka hata kama maneno ni ya lugha usiyoijua. Ninapatikana asubuhi, baada ya kufunga vidonda.